Zamu ya Maji

Nyumbani kwa kina Tuda, katika bonde la Dades nchini Moroko, kulikuwa na saa mbili zisizopatana. Saa ya mkononi ya Tuda ilifuata saa mpya ya serikali, iliyosogezwa mbele kwa saa nzima. Ile ya ukutani ilibaki na saa ya zamani, na baba hakutaka mtu aiguse.

Asubuhi Tuda aliichukia saa mpya, kwa sababu alikwenda shule gizani, tochi mkononi, akiwaogopa mbwa. Jioni aliipenda, maana alirudi jua likiwa bado juu, akapata nafasi ya kuruka kamba.

Siku hiyo baba alikuwa anampeleka mama kliniki mjini.

"Zamu yetu ya maji ni saa kumi," alimwambia Tuda. "Ukichelewa, vitunguu vitakaa wiki nzima vikavu. Nakutegemea."

Neno hilo lilimkaa Tuda kifuani darasani kutwa nzima. Masomo yalipokwisha alikimbia moja kwa moja hadi mferejini. Saa yake ilipofika kumi, aliziba kwa jiwe na tope njia ya maji ya jirani yao, Bi Ijja, akafungua ya kwao. Akashusha pumzi.

Alipokwenda nyumbani kuchukua jembe, macho yakaangukia ukutani. Saa tisa na dakika chache.

Maji ya kijiji yalifuata saa ya zamani tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuyahamishia saa mpya. Alikuwa ameiba maji ya jirani.

Alirudi mbio. Maji aliyoyaacha peke yake yalikuwa yamebomoa tuta na kumwagika njiani. Na Bi Ijja alikuwa anakuja juu kando ya mfereji, jembe begani.

"Binti Moha, maji yamenikatikia, na maharage yangu ndiyo kwanza yanatoa maua. Majani yameziba huku juu, siyo?"

Angeitikia tu kwa kichwa, mambo yangeishia hapo.

"Si majani, Bi. Ni mimi. Nimefuata saa ya shule."

Bi Ijja alishusha jembe begani.

"Kumbe siku hizi wezi wanabeba mikoba ya shule," alisema. "Haya, ziba kwenu. Na unalia nini? Machozi hayo hayatoshi hata mche mmoja. Muda nilioupoteza nitaukata kwenye zamu yenu."

"Sawa, Bi," alisema Tuda, akiwaza baba atasemaje.

Wazazi waliporudi, mstari wa mwisho wa vitunguu ulikuwa mkavu. Tuda alieleza yote, macho yakiwa chini. Baba alichukua ndoo mbili, moja akampa yeye. Walichota kisimani mpaka mstari wote ukalowa.

"Kosa la kwanza ni langu," baba alisema. "Nilitaja saa bila kusema ni ipi. Mtu akikupa saa, muulize. Lakini ungemwambia Bi Ijja ni majani, leo ningekuwa na vitunguu vizuri, na nisingeweza kupita mlangoni kwake. Umekosea, ukasema kweli, ukalipa. Fanya hivyo maisha yako yote."

Tuda alipangusa tope mikononi.

"Mama, kliniki unarudi lini?"

"Jumanne, saa tatu."

"Mpya au ya zamani?"

Baba akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.