Bomba la Pikapu ya Mluzi

YAH: OMBI LA KUBADILISHA BOMBA LA KUVUTIA HEWA, PIKAPU YA IDARA.

Ndivyo nilivyoandika, kwa nakala tatu, kwa kuwa idara yetu haiamini kitu kilichosemwa mara moja. Mimi ndiye afisa usafirishaji. Bila sahihi yangu hata tairi halijazwi upepo.

Pikapu yenyewe ilizama mtoni miezi mitatu kabla, dereva wetu akiwa ndani. Tulimwita Mluzi, maana hakuendesha bila kupiga mluzi. Gari lilivutwa, likaanikwa, likafufuliwa. Mluzi alizikwa.

Jua lilikuwa linatua nilipofika gereji. Fundi ni dada yake Mluzi, mwanamke wa maneno machache na spana nyingi. Aliniwekea mabomba mawili juu ya boneti.

"Hili fupi linavuta vizuri, bosi. Gari litakuwa jepesi. Hili refu linapanda mpaka juu ya paa. Maji yakija, injini bado inapumua."

"Refu," nilisema. "Lisizame tena."

"Nimesema injini. Sijasema mtu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alilifunga, akawasha. Mafundi wana kipimo chao: unaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, injini ikizimika, hakuna panapovuja. Nikajitia ujuzi. Nilipanda kwenye kikanyagio cha mlangoni, nikanyoosha mkono, nikaziba.

Injini ilizimika.

Kiganja hakikutoka.

Bomba liliendelea kuvuta... likalegea kidogo... likavuta tena. Kama kifua.

"Zima!"

"Imezimika, bosi." Alinionyesha ufunguo, uko mkononi mwake.

Harufu ya tope la mto ilipanda. Pumzi yangu nayo ikaanza kwenda njia ile ile, kupitia kiganjani. Kisha, chini kabisa ya bomba, mluzi. Mwembamba. Wa mtu anayebania hewa.

Spana ilimponyoka fundi.

"Kaka?" alinong'ona.

Mluzi ulikatika. Likatoka neno moja, limelowa.

"Dirisha..."

Fundi alifungua mlango, akazungusha kishikio cha dirisha la dereva. Hakikusogea. Akaniangalia nilivyoning'inia pale juu kama shati kwenye kamba.

"Hili limekuwa bovu tangu lini?"

"Sijui."

Bomba likavuta. Kidole changu cha mwisho kikaalika.

"Bosi. Tangu lini?"

Nayajua majibu thelathini ya kiofisi ya swali kama lile. Nilikuwa nimebakiwa na hewa ya jibu moja.

"Tangu kabla hajazama. Aliniandikia."

Aliubamiza mlango, akaokota spana, akakipiga kioo. Ndani ya gari kavu, lililoanikwa wiki sita, yakamwagika maji ya baridi, yakampita magoti. Kiganja kikaachiliwa. Nikaanguka chali.

Hakuniinua.

"Nenda kaandike barua yako," alisema.

Niliandika: hitilafu ndogo wakati wa majaribio. Nakala tatu. Lakini tangu siku ile, nikiweka sahihi chini ya uongo, kiganja kinaganda kwenye karatasi, na karatasi inavuta... inalegea... inavuta. Hii ninayoandika sasa haijavuta bado.

Dirisha lilikuwa limekwama. Mluzi aliomba litengenezwe. Ombi lake lilikaa mezani kwangu siku arobaini na moja, nikiweka kikombe cha chai juu yake.