Kiaguzi na Mtani

Kiaguzi, mashine ya kubashiri, kilifanya kazi bila kutoa sauti. Mgonjwa alilazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa ndani ya pete nyeupe, akaonyeshwa maneno na picha: jembe, harusi, sura ya mtu asiyemjua, sura ya mkewe. Kila alipokumbuka kitu, damu ilikimbilia sehemu fulani ya ubongo wake, na pete ikaiona. Kisha, katika chumba cha pili, ubongo mzima wa mwanga ukatokea juu ya meza, mkubwa kama boga, ukizunguka polepole. Kiaguzi kiliukata ubongo huo mahali pale pale ambapo roboti mpasuaji angeukata ule wa nyama, halafu kikaonyesha mgonjwa atakuwa mtu wa namna gani baadaye: atakumbuka nini na atasahau nini.

Zamani madaktari wa kifafa walikuwa wakibahatisha. Ubongo una maghala mawili ya kumbukumbu, moja kila upande, ndani kabisa usawa wa masikio. Mara nyingi kifafa huanzia katika ghala mojawapo. Ukilikata, kifafa kinakwisha, na kama ghala la pili ni zima, mtu anapoteza maneno machache tu na maisha yanaendelea. Kama la pili nalo ni bovu, hana tena pa kuweka jambo jipya. Kiaguzi kiliweza kusema lipi ni bovu, na bovu kiasi gani. Katika Kituo cha Ubongo cha Iringa, jiji ambalo siku hizo lilikuwa limepanda vilima vyote kwa magari yanayoning'inia kwenye waya, hakikuwahi kukosea kwa jambo la maana.

Kilikatazwa kitu kimoja tu: kusema na mgonjwa. Sheria ilitaka neno zito litoke kinywani mwa mtu. Kwa kazi hiyo aliajiriwa Daktari Oliva Kihwele, Mhehe wa hapo hapo, mwanamke mcheshi. Kituo kizima kilimsifu kwamba wagonjwa wake hutoka chumbani wanacheka. Hakuna aliyeuliza wanacheka nini.

Mzee Osmund Mbano alikuja kutoka Songea na mkewe, Skolastika. Kifafa kilikuwa naye tangu utotoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto hadi kwenye kiwiko, kwa sababu aliangukia mafiga akiwa mdogo, na waliokuwepo waliogopa kumgusa wakidhani povu lake linaambukiza. Bintiye wa pekee, Veneranda, alikua bila kubebwa na baba yake hata mara moja. Skolastika hakuruhusu, na huwezi kumlaumu. Sasa Veneranda alikuwa na mimba, na mzee alikuwa na haja moja tu duniani.

“Nataka nimbebe mjukuu,” alimwambia daktari siku ya kwanza. “Nimzungushe uani, bila mke wangu kunifuata nyuma amenyoosha mikono kama golikipa.”

“Mbano ni Mngoni?” Oliva aliuliza.

“Mngoni wa damu. Na wewe?”

“Mhehe.”

“Haa. Basi nimekwisha.”

Ikawa kama inavyokuwa siku zote. Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana vitani. Mtani humwambia mtani lolote, hata la kifo, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Osmund aliuliza kama mbwa wa majirani bado wako hai, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Oliva alimjibu kwamba akifia mezani yeye atakula maharage ya matanga, na tayari ameanza kuona njaa. Skolastika alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Siku ya majibu, ubongo wa Osmund ulizunguka juu ya meza. Ghala la kushoto, kilikoanzia kifafa, lilikuwa jeusi. La kulia lilikuwa limenyauka, maana kila mwanguko wa maisha yake ulikuwa umelila kidogo kidogo. Kiaguzi kilitoa neno lake kavu: mgonjwa akipasuliwa hatahifadhi tena jambo jipya. Uwezekano, tisini na sita kwa mia.

Oliva aliingia kwa mgonjwa na mkewe akiwa na neno hilo kooni. Alikusudia kulisema taratibu, kwa heshima. Lakini mzee alimwahi.

“Mtani, mbona sura hiyo? Umenyimwa mbwa?”

Naye, Mungu amsamehe, akajibu kwa mdomo ule ule.

“Mtani, tumechungulia kichwani mwako, tumekuta hamna kitu. Ukipasuliwa kifafa kitakwisha, lakini mjukuu wako hutamjua hata akukojolee kila siku. Utabaki kuuliza, huyu mtoto wa nani?”

Osmund akapiga goti lake kwa kicheko.

“Umemsikia Mhehe?” alimwambia mkewe. “Ananionea wivu.”

Skolastika naye alicheka. Oliva aliona wazi kwamba neno halijaingia. Ipo njia ya kuuweka utani kando, na watani wote wanaijua: unamshika mwenzako mkono, unamwita kwa jina lake, naye anaelewa kwamba sasa mnasema kweli. Hakuifuata. Kicheko kilikuwa kimemtua mzigo, na hakutaka kuubeba tena. Alimwuliza mzee kama anakubali kupasuliwa, mzee akaitikia, naye akajiambia kwamba ameshasema. Kinasa sauti cha chumbani kilikuwa kimesikia kila kitu: ukweli umetamkwa, mgonjwa ameulizwa, mgonjwa amekubali.

Roboti mpasuaji alifanya kazi safi. Osmund Mbano hakuanguka tena tangu siku ile.

Mwaka wa pili Skolastika alimrudisha mumewe kituoni kwa uchunguzi. Alimkuta Oliva ukumbini.

“Karibu, mtani,” Oliva alisema.

“Mimi si mtani wako.” Mama yule hakupaza sauti. “Mtani akija kwangu msibani namvumilia. Anachukua jogoo, analala kaburini mpaka apewe chochote, namvumilia. Wewe ulituletea msiba wenyewe huku unacheka.”

“Nilisema, mama. Nilisema lile lile lililotokea.”

“Ulisema. Ndiyo maana sina hata pa kukushtaki.” Skolastika alirekebisha kanga yake begani. “Nina haja moja. Mwambie tena, kama ulivyopaswa kumwambia siku ile. Nataka kujua angejibu nini.”

“Itamuumiza.”

“Haitamuumiza muda mrefu. Si ndivyo mlivyomfanya?”

Osmund alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alikuwa amenenepa, uso wake haukuwa na jeraha hata moja, na mapajani mwake alilala msichana mdogo mwenye nywele za kusokotwa. Alikuwa Imakulata, mtoto wa Veneranda. Mzee alipomwona daktari alifurahi kwelikweli.

“Mhehe wangu! Mbwa wa majirani wazima?”

Oliva hakucheka. Alivuta kiti, akaushika ule mkono wenye kovu.

“Osmund Mbano,” alisema.

Tabasamu la mzee likaondoka. Alijua maana ya kuitwa hivyo na mtani, akakaa vizuri asikilize. Oliva alimweleza yote, bila kuruka neno. Alimweleza habari za maghala mawili, kwamba la kulia nalo limekufa, na kwamba akipasuliwa kila atakayezaliwa baada ya siku hiyo atakuwa mgeni kwake maisha yake yote.

“Hata wakiniambia jina lake kila siku?”

“Hata wakikuambia kila siku.”

Mzee aliwaza. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni polepole, asiamke.

“Basi msinipasue,” alisema. “Kuanguka nimekuzoea. Veneranda akijifungua nitakaa chini mkekani, wamlaze karibu yangu, nimtazame tu. Mama yake atambeba. Mimi nimjue, inanitosha.”

Mlangoni Skolastika alijifunika uso kwa kanga, akatoka. Oliva alibaki ameushika mkono ule. Machozi yalimshuka bila yeye kuyazuia.

Mtoto aligeuka usingizini. Osmund alimtazama, akashangaa, akamtengeneza vizuri mapajani.

“Mzuri huyu,” alisema. “Mtoto wa nani?”

Kisha akainua macho, akamwona daktari.

“Mtani, mbona sura hiyo? Umenyimwa mbwa?”

Akasubiri ajibiwe, huku anatabasamu.