Usilitie Giza Paa Letu

"Weka nyeusi kabisa. Ile ya mwisho," mume wangu alimwambia Bosi Pyo, mama mwenye duka la tinti za magari.

"Usiweke," nikasema mimi.

Bosi Pyo alibaki na kisu chake cha kukatia tinti mkononi, akitutazama kwa zamu kama anayeangalia mpira wa meza.

"Sasa nimsikilize nani? Vioo vya pembeni nimeshamaliza, tinti yake mlipewa bure na muuza gari. Paa halimo kwenye ile zawadi. Kubalianeni kwanza."

"Anayeendesha ni mimi," mume wangu Byeongho akasema. "Jua likipiga pale juu sioni kitu. Likibaki hivi, siendeshi."

"Baba Danbi, gari hii tuliinunua kwa sababu ya hilo paa la kioo."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyumba yetu hapa Bucheon, kando ya Seoul, iko nusu ardhini. Dirisha la sebuleni linatazama viatu vya wapita njia, na binti yetu Danbi, wa miaka mitatu, anawajua majirani kwa soksi zao. Siku tulipokwenda kuiona gari tulimlaza kiti cha nyuma, akatazama juu kupitia kioo, akauliza, "Mama, mbingu hii ni yetu?" Byeongho akamjibu ndiyo, kisha akasaini.

"Mama Danbi," Bosi Pyo akasema, "mimi kazi yangu ni kubandika giza. Gari isiyo na tinti ni kama mtu katoka bafuni kasahau taulo."

"Huko pembeni imeshavaa taulo. Juu nani ataichungulia, malaika?"

Bosi Pyo alicheka mpaka akaweka kisu chini. Byeongho hakucheka. Alichukua koti lake, akageuka kutoka, akaupiga mlango wa kioo kwa paji la uso.

"Pole. Leo nimeusafisha kupita kiasi," Bosi Pyo akasema. Lakini aliendelea kumtazama mpaka alipofika kwenye gari.

Nyumbani nikaanza.

"Una nini wewe siku hizi? Kila kitu hasira."

"Sina hasira. Nataka kivuli tu."

"Kivuli? Tunaishi ndani ya kivuli. Mwanao akitaka kuona wingu mpaka apande ngazi."

"Basi atapanda ngazi."

Aliyasema kwa sauti ya chini, akaingia kumwogesha mtoto. Nikabaki nakatakata tofu ya soya, na tofu ikawa inavurugika mkononi.

Siku chache baadaye, napika tena, simu yake ilikuwa pembeni ya jiko. Ikalia, ikawaka. Jina: *Bosi Pyo, Tinti*. Wenzangu, mimi si mtu wa kusoma simu ya mume. Ila ujumbe ulikuwa umejianika wenyewe.

"Baba Danbi, nimeshaulizia. Nun ikiisha hairudi. Twende Jumanne asubuhi, wakati bado ipo. Nitafunga duka, gari nitaendesha mimi. Mkeo utamwambia ukiwa tayari."

Nun. Theluji.

Milima ya Gangwon ina theluji mpaka mwezi wa tatu. Majira yote ya baridi nilikuwa nimemwomba atupeleke, Danbi akaone theluji ya kumfika magotini. Kila mara jibu lilikuwa barabara zinateleza, siku nyingine, amechoka. Kumbe barabara zinateleza kwangu tu.

Tulipokaa kula nikamuuliza huku namchambulia Danbi samaki.

"Jumanne una kazi?"

"Ndiyo. Suwon. Ghorofa jipya, vyumba vyote."

Mume wangu anabandika karatasi za ukutani. Alijibu akitazama bakuli la supu, akapeleka mkono kuchukua kabichi ya kimchi, akaipitiliza, akashika meza. Niliona. Nikajiambia mwongo anatetemeka.

Kesho yake nikampigia dada yangu.

"Dada."

"Sauti gani hiyo? Danbi anaumwa?"

"Baba Danbi anakwenda kuangalia theluji na mwanamke mwingine."

"Nani, huyu wetu? Huyu anayelala na soksi?"

"Nimesoma kwenye simu."

"Mwanamke mwenyewe yukoje?"

"Mkubwa kuliko mimi. Ana mikono ya kazi. Anacheka vizuri."

"Hapo kwenye kucheka ndipo pabaya. Sikiliza, usimuulize tena. Ukimuuliza atajipanga. Jumanne nenda ukawakute."

"Nikiwakuta nifanye nini?"

"Ukae. Ukae katikati yao kama mfuko wa mchele, uone kama safari itakuwa tamu."

Jumanne nikamwacha Danbi shule ya chekechea, nikaenda. Shata ya duka ilikuwa imeshushwa nusu. Gari letu liko nje, Bosi Pyo kwenye usukani, mume wangu pembeni yake, kavaa shati nililompigia pasi mwenyewe nikiamini anakwenda Suwon.

Nikafungua mlango wa nyuma nikakaa.

"Twendeni," nikasema. "Na mimi nataka kuiona hiyo theluji."

Hakuna aliyegeuka. Kisha Byeongho akauliza taratibu, "Theluji gani?"

"Inayoisha isirudi. Mnayoiwahi wakati bado ipo. Mimi nitaambiwa ukiwa tayari."

Bosi Pyo akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Mama Danbi," akasema, "mimi sikuandika theluji."

Lugha yetu ina neno hilo moja, nun. Nun ni theluji, na nun ni macho. Kwa mdomo unalivuta kidogo ukitaja theluji, ndivyo mwalimu wetu alivyotufundisha shuleni. Kwenye simu hakuna kuvuta. Yanaandikwa sawasawa.

*Macho yakiisha hayarudi. Twende wakati bado yapo.*

Pale ndani ya gari, nawaambieni kweli, nilitamani ingekuwa theluji.

"Macho ya nani?" nikauliza, na jibu nilikuwa nalo.

"Yangu," Byeongho akasema. "Tangu majani yalipoanza kupukutika. Naona katikati tu, Mama Danbi. Kama natazama kupitia lile bomba la ndani ya roli za karatasi zangu. Pembeni hakuna kitu."

"Na yeye ulimwambia kabla yangu."

"Hakuniambia," Bosi Pyo akaingilia. "Alirudi siku ileile peke yake kuomba nimwekee giza wewe usijue. Akaupiga mlango tena. Kaka yangu aliugonga mlango huohuo miaka yote, mpaka macho yakaisha, akaacha kuja dukani. Nikamuuliza, na wewe ni hivyo? Akakaa chini akalia. Jumanne ndiyo siku ya daktari wa kaka yangu, kule Seoul. Basi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira moja, ikanijia nyingine.

"Ulikuwa unamwendesha mwanangu," nikasema. "Huoni pembeni, na Danbi yuko nyuma."

"Ndiyo maana nilitaka tinti. Nilidhani ni ule mwanga wa juu. Nilidhani nikiuziba nitaona barabara."

"Ulikuwa unamwendesha mwanangu, Byeongho."

Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu tulipooana.

"Ndiyo," akasema. "Ijumaa kwenye maegesho ya chini nilimkosa mzee mmoja kidogo tu. Nikazima gari palepale. Toka siku hiyo sijashika funguo. Anazo Bosi, hata leo gari kalifuata yeye."

Bosi Pyo akaziinua kidogo nizione, kisha akawasha gari.

Daktari alikuwa kijana mwenye uso wa kutolala. Alimpima Byeongho kwa muda mrefu, akazima mashine, akavuta kiti karibu.

"Dawa ya kuponya sina," akasema. "Pembeni patazidi kufungika. Kwa kasi gani, siwezi kuwaahidi. Gari asiendeshe tena, kuanzia leo."

"Na mwanga?" nikauliza. "Mwanga unamuumiza. Tulikuwa tunataka kumwekea giza."

"Jua kali avae miwani. Ila giza, hapana. Kwenye giza ndiko anakopotea zaidi. Mwekeeni taa nyumbani, mwekeeni nyingi."

"Na mwishoni?"

Daktari akamtazama kwanza Byeongho, Byeongho akaitikia kwa kichwa kwamba aseme.

"Wengi hubaki na mwanga. Sura zinaondoka, mwanga unabaki."

Kurudi, Bosi Pyo aliendesha, sisi wawili tukakaa nyuma. Aliwasha redio, nafikiri atupe nafasi. Byeongho alilaza kichwa kwenye kiti, uso juu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasubiri tuhame."

"Tuhame inahusu nini?"

"Ulisema mwakani tutapata nyumba ya juu, yenye dirisha. Nilitaka niibandike karatasi mwenyewe, chumba cha Danbi nikianzie. Nimebandika nyumba za watu tangu kijana, yangu hata moja. Nilisema nikimaliza hiyo, ndiyo nikwambie. Halafu wateja wakaanza kulalamika maungio ya karatasi hayakutani. Mimi, maungio yangu."

Nikamshika mkono. Ulikuwa na gundi kavu kwenye kucha kama siku zote, nikaanza kuibandua kidogo kidogo.

"Nilidhani una mwanamke," nikasema baadaye.

"Mimi? Na nani?"

"Na huyo anayetuendesha."

Redio ikapunguzwa mbele.

"Nimesikia," Bosi Pyo akasema. "Mama Danbi, mtu anayelala na soksi mimi simtaki."

"Nani kakwambia habari ya soksi?"

"Mwenyewe. Alikuwa analia, anataja kila anachokipenda kwako. Akasema hujawahi kumvua soksi zake kwa nguvu."

Nikacheka nikilia, na Byeongho akacheka pia, na baada ya hapo tukalia tu.

Tulipofika dukani, Bosi Pyo alipandisha shata, akatuwekea kahawa ya pakiti kwenye vikombe vya karatasi, akaliangalia gari.

"Haya. Paa tunafanyaje?"

Nilikuwa nimeshaamua njiani.

"Weka tinti," nikasema. "Nyeusi. Linamuumiza, na mbingu Danbi ataiangalia dirishani tukihama."

"Usiweke," Byeongho akasema.

"Baba Danbi, mwanga unakuumiza."

"Ulikuwa unaniumiza nikiendesha. Sasa nitakaa nyuma nimelala. Kule juu hakuna nguzo ya kugonga, hakuna mtu wa kumkosa. Ndiko mahali pekee nitakapotazama bila kuogopa." Akanigeukia. "Na umemsikia daktari kitakachobaki. Usikizibe, mke wangu."

Bosi Pyo aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu. Aliporudi alikuwa na roli moja angavu kama maji.

"Hii haina giza," akasema. "Inazuia joto na ule ukali unaochoma ngozi. Mwanga inaupitisha. Wateja hawaitaki, wanasema wamelipia kitu kisichoonekana."

"Tuwekee hiyo," tukasema, sote wawili kwa pamoja.

Alifanya kazi mpaka mchana ukaisha. Byeongho alikwenda akasimama karibu naye, akauliza kama anaweza kumshikia ncha. Akaipapasa kwa vidole, akasema, "Hapa kuna hewa." Bosi Pyo akaitazama, akapitisha kipangusio chake pale, hewa ikatoka.

Leseni yangu ilikuwa imelala kabatini tangu kabla ya ndoa, kama za wanawake wengi huku. Nikaitoa. Bosi Pyo alinifundisha Jumapili baada ya Jumapili, akipiga mguu chini upande wake kila nilipochelewa breki. Kioo cha nyuma alinibandikia maandishi: *Hata mimi najiogopa*. Bado naendesha polepole, na wenye haraka wananipita wakinitazama.

Juzi tulikuwa tunatoka sokoni. Taa ikawa nyekundu, nikasimama. Danbi na baba yake walikuwa nyuma, wamelaza vichwa.

"Baba, ndege," Danbi akasema.

Ndege za uwanja wa Gimpo zinapita chini sana pale, kioo chote kilijaa.

"Iko wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi, mwanangu?"

Hakuna aliyemfundisha Danbi. Aliinuka kadiri mkanda ulivyomruhusu, akakishika kidevu cha baba yake kwa mikono miwili, akakigeuza kidogo, akatazama juu, akakigeuza kidogo tena.

"Sasa?"

"Sasa naiona," Byeongho akasema. "Naiona yote."

Taa ikawa ya kijani. Nyuma wakaanza kupiga honi. Sikuondoka. Barabara ilikuwa imenipotea mbele, nikangoja kwanza macho yangu yakauke.