Tundu la Mlango wa Karakana

Mrefu alikuwa ameshafika kona ya pili, begi begani, dada yake alipomkimbilia na viatu vya kazi mkononi.

"We Mrefu! Unaondokaje bila hata kuaga? Na viatu vyako je?"

"Mpe mumeo avivae," alijibu bila kugeuka. "Mimi basi."

Dada yake alikuwa mshonaji. Miguu yake ilizoea cherehani, si mbio. Alimkamata shati huku akihema. Shati likapanda, akaona tumbo la mdogo wake. Chini ya mbavu kulikuwa na alama nyeusi, pana kama kiganja.

"Nani kakufanya hivi?"

"Ubao. Jana mchana. Mimi nasukuma, shemeji anapokea upande wa pili. Ubao ukajipinda, ukarudi kwangu kama umetupwa. Dada, mimi si mwoga, unanijua. Lakini ile mashine sasa inanitafuta."

Akaondoka. Dada yake akabaki katikati ya njia na jozi ya viatu.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba yao. Ndani yake kulikuwa na msumeno wa meza. Ni meza ya chuma, na katikati yake diski yenye meno imechomoza. Kulia kwa diski kuna chuma kirefu kilichonyooka. Mafundi huuegemeza ubao kwenye chuma hicho wanapousukuma. Wenyewe walikiita ukingo. Kifuniko cha diski kilikuwa ukutani, kwenye msumari. Fundi, mumewe, alikigeuza kuwa mahali pa kutundika kofia.

"Ameondoka?" fundi aliuliza.

"Ameondoka. Mbona hukuniambia kuwa ameumia?"

"Kakwaruzwa tu. Huyo mdogo wako anadeka." Fundi aliinua ubao mpana. "Milango kumi na sita ya kabati za zahanati, na mtu wa kunishikia sina. Njoo unipokelee upande ule. Dakika kumi tu."

Mke wake alitazama mikono yake. Vidole hivyo ndivyo vilivyotunga uzi, vikapinda kola, vikashona vifungo vya mtaa mzima. Lakini mumewe alikuwa ameshawasha.

Mashine ililia. Mlio ulimwingia mke mpaka kwenye meno. Fundi akasukuma, mke akashika ncha ya ubao na kuivuta. Vumbi likamjaa usoni. Kisha akasikia harufu ya kuungua.

"Vuta!" fundi alipiga kelele. "Vuta, usilegee!"

Akavuta. Ubao ukajipinda kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo. Halafu ukarudi nyuma kwa nguvu, na mikono yake ikaufuata. Aliona meno ya diski yakija, hata hayakuonekana meno, ni ukungu tu wa chuma. Akaachia. Kucha ya kidole cha shahada ilipita karibu na diski kiasi kwamba alihisi upepo wake.

Paa!

Ubao ulimpita fundi ubavuni na kugonga mlango wa bati nyuma yake. Fundi akazima mashine. Diski ikaendelea kuzunguka kwa muda mrefu, polepole, mpaka ikasimama.

Mke alivihesabu vidole vyake. Akavihesabu tena. Kwenye mlango wa bati palikuwa na tundu, na mwanga wa jua ulipita hapo.

"Kuna mtu kafa humu?" sauti iliuliza nje.

Alikuwa jirani yao, Mama Spana. Aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza mashine za kiwanda cha mbao mpaka alipostaafu, na spana bado ilikaa mfukoni mwake. Alisimama mlangoni, akaingiza kidole kimoja kwenye tundu. Kisha vidole vitatu. Vikaenea.

"Lingekuwa tumbo hili," alisema, akimtazama fundi. "Mlikuwa mnakataje?"

Fundi akaeleza. Mama Spana akatikisa kichwa.

"Ubao mpana na mfupi unaukata kwa kukingama, halafu unauegemeza kwenye ukingo? Haushikiki. Ukijipinda kidogo, unabanwa kati ya ukingo na diski. Meno ya nyuma yanapanda juu. Yanauinua, yanamtupia anayesukuma. Na huyu unayemwambia avute, ubao ukirudi anarudi nao. Mikono yake inaingia kwenye meno."

"Mimi nilifundishwa hivyo hivyo," fundi alisema. "Mwalimu wangu kakata mbao miaka thelathini."

"Alikuwa na vidole vingapi?"

Fundi akatazama chini.

"Saba," alisema.

Mke wake akaketi kwenye kigoda.

"Uani kwangu kuna meza ya kuteleza," Mama Spana alisema. "Nilipewa kiwandani walipotupa mashine ya zamani. Kuku wanalala juu yake. Njoo tuibebe."

Ilikuwa meza ndogo ya alumini iliyopanda juu ya reli, na chini yake magurudumu madogo. Juu yake kulikuwa na mkono wa chuma wa kuegemeza ubao. Waliipangusa kinyesi cha kuku, wakaipeleka karakana.

"Chomoa plagi," Mama Spana aliamuru. "Kuzima hakutoshi." Akampa mke wa fundi ile plagi. "Kaa nayo wewe. Asiichukue mtu."

Mke akaiweka mapajani kama paka.

Fundi alifunga reli kwa bolti, kushoto kwa meza ya msumeno. Akataka kukaza nati. Mama Spana akamzuia.

"Ngoja. Reli ikienda upande, ubao utabanwa tena, utakuwa umejinunulia balaa jipya."

Akatia chaki kwenye jino moja la diski. Akafunga kijiti kwenye meza ya kuteleza mpaka kikagusa jino hilo kwa mbele. Kisha akazungusha diski kwa mkono, jino likaenda nyuma. Akatelezesha meza, kijiti kikafuata. Hakikugusa. Palibaki nafasi ya kupitisha kucha.

"Umeona? Kwa macho ilikuwa imenyooka."

Walisogeza, wakapima, wakasogeza tena. Mara ya nne kijiti kiligusa jino mbele na nyuma sawasawa. Hapo ndipo nati zilipokazwa. Wakainua meza hiyo kwa unene wa karatasi juu ya meza ya msumeno, ubao usikwame. Wakapima kona ya ule mkono kwa guni, kipimo cha pembe mraba. Mwisho Mama Spana alitoa kofia kwenye msumari, akarudisha kifuniko mahali pake juu ya diski, na nyuma ya diski akafunga kipande chembamba cha chuma cha kuzuia ubao usiibane diski.

Fundi akapanga ubao. "Haya mama watoto, chomeka tuone."

Mke alisimama. Plagi ilikuwa imelowa jasho la kiganja chake. Akatazama mashine, akakaa tena.

"Sichomeki."

"Nini tena?"

"Ukingo wako bado upo pale."

"Nimeuacha nipate kipimo. Milango yote itoke sawa."

"Ubao ukishakatika, kipande cha kulia kitakuwa kati ya diski na ukingo. Kitakwenda wapi?"

"Mke wangu, unanifundisha useremala?"

"Sikufundishi. Plagi ninayo mimi."

Fundi alimtazama Mama Spana apate msaada. Mama Spana alikuwa ameinama mlangoni, anachungulia nje kupitia lile tundu. Fundi akafuata jicho lake. Akaona tundu lilipo, akashusha mkono kwenye tumbo lake. Vilikuwa kimo kimoja.

Taratibu akautoa ukingo, akauweka kando.

"Kipimo weka huku kushoto," Mama Spana alisema. Akafunga kibao kidogo kwenye mkono wa meza. "Ubao uguse hapa. Kipande cha kulia kibaki huru. Na usikiokote diski ikizunguka."

Mke akachomeka.

Fundi alisimama kushoto, pembeni ya njia ya diski, mikono yake mbali na meno. Akasukuma meza. Ubao ukaenda nayo, umelala kimya kama umebebwa. Hapakuwa na moshi wala kuungua. Kipande kikaanguka peke yake. Hakuna aliyekuwa upande wa pili kuvuta.

Milango kumi na sita ilimalizika siku ya tatu. Yote ilifunga vizuri.

Mrefu hakurudi kazini. Alipata kibarua cha kupaka rangi. Hupita Jumapili kula, na hukaa mbali na karakana. Alama ya tumboni ilipotea baada ya wiki tano. Mama Spana alihamia kwa binti yake, akaacha spana yake kwa fundi. Fundi ana vidole kumi. Mke wake ana kumi, na bado anashona. Mumewe anapobadilisha diski, humwita aje ashike plagi. Tundu la mlango halijazibwa.