Tukitoka Italia Tutampeleka Koko

Ndugu zangu mnaoishi mjini huku wazazi wenu wako mlimani, naomba mnipe masikio. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini haya niliyaona, na nikinyamaza yatatokea tena katika nyumba nyingine.

Jioni ile nyumbani kwa Lerionka, Moshono, ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imekatika na Mlima Meru ulionekana wazi mpaka kileleni. Tulikaa barazani tukinywa chai. Nilikuwa nikiishi kwao nikimlea binti yao mdogo, Silantoi. Aliyenipeleka pale ni mama yake Lerionka, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi. Boma lake limepakana na la kwetu huko juu ya Ngaramtoni.

Lerionka alikuwa msimamizi katika ofisi ya utalii. Miaka yote aliwatembeza wageni, na sasa yeye na mkewe, Violet, walitaka kuwa wageni mahali. Walipanga kwenda Italia wiki nzima, siyo mjini bali vijijini, kwa gari la kukodi watakaloendesha wenyewe. Ubaya haukuwa hapo. Mtu akifanya kazi, na apumzike.

"Haya, kikombe hiki ni kiplefti," Lerionka alisema, akisukuma kigari cha Silantoi juu ya meza.

"Baba Silantoi, umeingia kushoto! Wenzako huko wanapita kulia. Tumeshakufa hapo," Violet akasema.

"Hatujafa. Nimesalimiana na lori tu."

Violet akacheka, akasoma kwenye simu yake habari za nyumba watakayofikia. Ilikuwa ya mkulima. Asubuhi wageni hupelekwa zizini kumtazama bibi mwenye nyumba akikamua ng'ombe kwa mkono, kisha hukaa jikoni kwake wakinywa maziwa ya moto.

"Kama kwa Koko!" Silantoi akapiga kelele.

Tukacheka sote. Na ndugu zangu, mpaka leo nikikumbuka kicheko kile moyo unaniuma.

Simu ya Lerionka ikalia. Alikuwa Koko mwenyewe, ambaye yeye alimwita Yeyo, yaani mama. Akaweka sauti ya wote ili aendelee kusukuma kigari chake.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshindaje? Mimi macho. La kushoto unajua lilishafifia. Sasa hili la kulia linauma, na usiku nikiwasha taa naona duara za rangi zimeizunguka."

"Ni moshi wa kuni huo, Yeyo. Nimekwambia upikie gesi."

"Labda. Lakini ningependa daktari aangalie. Utapata nafasi?"

Violet alimnong'oneza, "Mpeleke kesho."

"Kesho nafuatilia leseni ya kimataifa," Lerionka akamjibu kwa sauti ya chini. Kisha akaiinamia simu. "Yeyo, tukitoka Italia nakupeleka. Hospitali nzuri kabisa, siyo hizi za foleni."

"Haya, baba. Mungu awatangulie."

Kigari kikaendelea kuzunguka kikombe.

Walipoondoka, mimi na Silantoi tulipelekwa kukaa kwa Koko. Gari lilituacha barabarani, kwa kuwa njia ya juu ilikuwa na tope na Lerionka aliogopa kuchelewa ndege. Hakupanda kumwona mama yake. Alinipa mkate na sukari nimpelekee, akasema, "Mwambie tunaonana nikirudi."

Siku za mwanzo Koko alikuwa na furaha. Alimfundisha mjukuu wake kushika chuchu ya ng'ombe bila kumkwaruza. Lakini niliona anamwaga maziwa nje ya kibuyu, na mtoto anapomwita anageuza kichwa chote ili amtafute.

Halafu asubuhi moja hakuamka kwenda zizini. Nilimkuta ameshika kichwa, anatapika, jicho la kulia limekuwa jekundu kama pilipili. Nikakimbia kwa Solomoni, jirani yetu anayeshusha kabichi sokoni kwa pikapu. Alikuja nayo mpaka mlangoni.

"Mama Lerionka, panda. Nakupeleka hospitali sasa hivi."

"Nipande juu ya kabichi?"

"Kabichi nitazimwaga hapa hapa, mama. Wewe utakaa mbele na mimi."

Koko akatikisa kichwa, japo alikuwa akiuma meno kwa maumivu. "Hapana, baba. Asante sana. Mwanangu ana gari. Watu wa kanisani wakiniona nashuka mlima na gari la jirani, watasema Lerionka ametupa mama yake. Siwezi kumwaibisha."

Ninyi wa kwetu mnaijua fahari hii. Mama mwenye mtoto aliyefanikiwa heri aumie kimya kuliko mtoto asemwe.

Nilimpigia Lerionka, nikaweka sauti ya wote. Nilisikia upepo, na Violet akilalamika kwamba wamepotea tena milimani na barabara ni nyembamba kama njia ya mbuzi.

"Mpe panadol," Lerionka alisema. "Jumapili niko hapo, nampeleka mwenyewe. Na msimsumbue Solomoni, tutasemwa."

"Jicho ni baya, kaka. Anatapika."

"Nimesema Jumapili. Kata simu, ramani inazima."

Koko alikuwa amesikia yote. Badala ya kukasirika, alitabasamu. "Unaona, Solomoni? Anakuja."

Mwishowe Solomoni aliwasha pikapu akaondoka na kabichi zake. Hakuthubutu kumbeba mama wa mtu kwa nguvu.

Maumivu yalikuja kupungua, na Koko akadhani anapona. Kumbe jicho lilikuwa linakufa.

Lerionka alitimiza ahadi. Alirudi, akapanda mlima kwenye tope lile lile, akampeleka hospitali nzuri. Daktari alimpima macho yote mawili.

"Ni presha ya macho," akasema. "La kushoto lilikwisha polepole. Hili la kulia, lilipoanza kuuma vile, angeletwa siku hiyo hiyo huenda tungeliokoa. Mlikuwa wapi?"

Koko ndiye aliyejibu.

"Ni mimi, daktari. Gari lilikuja nikakataa kupanda."

Hata pale alikuwa bado anamsitiri.

Tuliporudi bomani, Silantoi hakuelewa. Alichukua simu ya baba yake akamkimbilia bibi. "Koko, ona picha za Italia! Ona bibi wa kule na ng'ombe wake!"

Koko akaipokea simu kwa mikono miwili, akaigeuza usoni pake kama mtu anayeota moto. "Nieleze, mjukuu wangu. Huyo bibi anaishi na nani?"

Silantoi akamtazama baba yake.

"Na mwanawe," Lerionka akasema. "Anaishi na mwanawe, Yeyo." Kisha akatoka nje, akaegemea gari lake akalia, wapita njia wakimwona.

MAFUNZO

Wapendwa, safari si dhambi. Italia ipo na itaendelea kuwapo. Lakini ugonjwa wa mzazi hausubiri likizo yako. Neno "tukirudi" ni jepesi mdomoni, na kwa Koko liligharimu mwanga wa macho.

Nanyi wazazi, msiwafichie watoto aibu kwa kuumiza miili yenu. Gari la jirani linalofika leo ni bora kuliko la mwanao litakalofika Jumapili. Na majirani, mgonjwa akikataa mara ya kwanza, msiondoke. Iteni wengine, mbembelezeni mpaka apande.

Sasa Lerionka hupanda mlimani kila mara, na anakamua ng'ombe mwenyewe. Koko hukaa kando, anasikiliza maziwa yakiingia kwenye kibuyu, halafu huuliza kama Meru umefunguka leo. Mwanawe hutazama juu na kumweleza.