Saini ya Ijumaa ya Tatu

Mapenzi hayana adabu ya kuchagua pa kuzaliwa. Haya yalizaliwa kwenye foleni ya fotokopi, nje ya geti la hospitali, mchana wa jua kali, watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti.

Mkunga alikuwa wa tano. Gauni lake la buluu lilipigwa pasi likanyooka, saa ndogo imening'inia kifuani, na kwapani ana bahasha ya vyeti. Leseni yake ya kazi ilikuwa inakaribia kwisha. Mara mashine ikakoroma, ikanyamaza.

"Kitendawili!" sauti ya kiume ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, sare nyeupe, viatu vimejaa unga wa plasta.

"Tega," akajibu, maana alilelewa na shangazi asiyelala bila vitendawili.

"Anakula moja, anatapika mbili."

"Si huyo hapo mbele? Na leo amevimbiwa!"

Foleni nzima ikacheka. Kijana alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na kwa kufunga watu mikono na miguu, wenzake walimwita Plasta. Kumbe naye alihangaikia leseni. Kabla mashine haijapona, namba za simu zilishabadilishana mikono.

Basi ikawa kila mapumziko simu inalia.

"Umekula, moyo wangu?"

"Nitakula saa ngapi? Nina kina mama watatu hapa, kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza."

"Nikuletee chai?"

"Lete chai. Maneno matamu yaache huko kwenu, yafungwe plasta."

Ili kuhuisha leseni walitakiwa kuhudhuria mafunzo Ijumaa nne, katika ukumbi wa hospitali, kila mtu asaini daftari la mahudhurio. Ukikosa moja, unatolewa wodini mpaka uirudie. Wawili hao walikaa kiti kwa kiti, wakaazimana kalamu, wakakanyagana miguu chini ya meza kama watoto wa shule.

Ijumaa ya tatu Mkunga alikuwa anavua glovu aende, mzazi mmoja akamshika mkono. "Dada, usiniache."

"Siendi popote, mama. Pumua."

Mtoto alipofika, mafunzo yalishakwisha. Simu ikalia.

"Usihofu, laazizi," Plasta alisema kwa furaha. "Nimekusainia. Hata ule mkia wa jina lako nimeuchora."

Mkunga akakaa kitako kwenye benchi. "Leo mmefundishwa nini?"

"Kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Nitakusimulia."

"Plasta, nenda kafute."

"Nifute nini? Nani atajua?"

"Akija huyo mtoto asiyepumua, nitamwonyesha saini?"

"Nimefanya kwa kukupenda!"

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

"Ukisema, umenichoma na mimi," akakata simu.

Mkunga aliipenda wodi yake kama mtu anavyopenda jiko lake. Alimpenda na Plasta. Hata hivyo miguu ikampeleka kwa mwalimu wa mafunzo, mama mmoja wa miwani minene.

"Mwalimu, saini hii si yangu. Sikuwapo."

"Ni ya nani?"

"Langu nimelisema. La mwenzangu atalisema mwenyewe."

Mwalimu akafunga daftari. "Nampa mpaka siku ya kurudia somo. Asipokuja, nitamtafuta."

Leseni ikakwisha. Mkunga akapelekwa stoo, kukunja shuka na kukata gozi za kufungia vidonda, huku vichanga vikilia upande wa pili wa ukuta. Wiki mbili simu ikawa kama jiwe.

"Mwanangu, ulimkosea?" shangazi akamuuliza.

"Hapana, shangazi."

"Basi unalia nini?"

"Nalia kwa sababu sikumkosea. Ningemkosea, ningemwomba radhi yaishe."

Shangazi akainuka, akaenda jikoni. Akamsogezea kikombe cha chai.

Siku ya kurudia somo, Mkunga aliingia ukumbini asubuhi na mapema. Mezani amelazwa mwanasesere wa mpira wa kufundishia. Kando yake, viatu vyenye unga mweupe.

"Unafanya nini hapa?" Mkunga akauliza.

"Narudia. Nimejitaja kwa mwalimu. Wamenipa barua ya onyo na Ijumaa yangu wameifuta." Plasta akainamisha kichwa. "Juzi mwenzangu aliniambia niandike presha ya mzee mmoja ambayo hatukuipima. 'Andika kama ya jana,' akasema. Kalamu ilishagusa karatasi. Nikakusikia wewe. Nikapima, nikakuta imeshuka vibaya."

"Yu hai?"

"Hai? Anagombeza wodi nzima kwamba chai haina sukari!"

Mkunga akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Walifanya zoezi pamoja, yeye akishika kidevu cha mwanasesere, Plasta akiminya kipuliza hewa, mwalimu akihesabu. Kifua cha mpira kikapanda, kikashuka. Wakarudia mpaka mikono ikazoea.

Daftari likaja. Plasta akasaini pake, akamsukumia Mkunga kalamu kwa kidole kimoja, kama anayeogopa kuungua.

"Kitendawili," akanong'ona.

"Tega."

"Mzigo nitakubebea, damu nitakutolea. Nini siwezi kukufanyia?"

"Kunijulia kazi yangu."

"Umepata. Na jingine siwezi: kujikubalia posa kwa niaba yako." Akamsogelea. "Kuna daftari la ndoa, mpenzi. Natamani tulisaini, kila mtu kwa mkono wake."

Mkunga akaandika jina lake taratibu, na mkia wake wa mwisho.

"Na siku hiyo nikiwa na mzazi wodini?"

"Nitakusubiri."

"Hata wageni wakinuna?"

"Wanune. Sigusi kalamu mpaka ufike."

"Basi njoo Jumapili," Mkunga akasema, "shangazi akutegee chake."