Saba za Uongo

Kila asubuhi, kabla hajafunga kamba za viatu vya shule, Kidoti alikuwa na kazi moja ambayo watoto wengine wa mtaa ule hawakuwa nayo. Alitandika kitambaa cheupe kwenye pembe ya meza ya kukatia nguo, akapanga juu yake pamba, kopo dogo la vijiti vya kupimia damu, na kimashine cha sukari kilichotosha kukaa kiganjani. Kisha alifungua daftari, akaandika tarehe, akaita, "Baba, tayari!"

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, dirishani kwenye mwanga, kwa cherehani ya kukanyaga. Kwa miaka miwili sasa alikuwa na kisukari. Daktari alimpa vidonge, akamkataza vitu vitamu, akamwagiza ajipime kila asubuhi kabla ya kula.

Mama alikuwa msusi. Alitoka mapema, maana wateja wake wengi walitaka kusukwa kabla ya kwenda kazini. Ndiyo sababu kazi ya kuandika alimwachia Kidoti, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na miwili na alama nyeusi ndogo shavuni iliyompa jina hilo.

"Baba yako atajichoma kidole, wewe utaandika," Mama alimwambia. "Mwandiko wako unasomeka. Wake unafanana na nyayo za kuku."

Mama aliubeba ugonjwa ule kana kwamba ni wake. Aliiondoa sukari jikoni. Yeye mwenyewe, aliyependa chai tamu tangu utotoni, alianza kunywa chai chungu ili mumewe asijione ametengwa. Alipima wali kwa kikombe, akajaza mboga za majani kwenye sahani. Na kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, alifungua daftari.

"Sita nukta nane," alisoma. "Saba kamili. Saba nukta moja. Hongera, Baba Kidoti! Majani yanafanya kazi."

"Yanafanya sana," Baba alijibu. "Wiki ijayo nitaanza kulia mee."

"Lia tu, mbuzi wangu. Ilimradi uwe mzima."

Walicheka wote wawili. Kidoti alicheka kidogo tu, akainamisha uso. Alijua kitu ambacho mama yake hakukijua: namba zile zilikuwa za uongo.

Ilianza miezi mitatu nyuma. Asubuhi ile kimashine kilionyesha kumi na nne nukta sita. Baba alikifunika kwa kiganja.

"Andika saba."

"Lakini Baba, hapa pameandikwa kumi na nne."

"Najua kusoma, mwanangu. Jana nilikunywa soda moja kwa fundi redio. Mama yako akiiona hii atakosa raha bure. Kesho nitakuwa sawa. Hii ni siri yetu, mimi na wewe, sawa?"

Kidoti aliandika saba. Alijiona mkubwa, si kila mtoto anapewa siri na baba yake. Lakini kesho yake haikuwa sawa, wala kesho kutwa. Fundi redio wa nyumba ya pili alikuwa na birika lake, na chai yake ilikuwa tamu kiasi cha kijiko kusimama chenyewe. Baba alikuwa haachi kupita kumsalimu. Ikafika mahali Kidoti hakitazami tena kimashine, anauliza tu, "Leo niandike ngapi?" Naye Baba, huku akitafuta uzi wa rangi inayofaa, anajibu, "Tia sita. Jana tulitia saba."

Siku ya kliniki iliangukia likizo, wakaenda wote watatu. Mama alivaa kilemba chake kizuri na kulishika daftari mkononi. Walipoingia, alilikabidhi kwa nesi kwa mikono miwili.

"Tazama mwenyewe, dada. Binti yangu ndiye anayeandika."

Nesi, mama mnene mwenye miwani iliyoteremka puani, alifunua kurasa. "Namba nzuri. Mwandiko mzuri." Kisha akamtazama Baba. "Ila fundi, mbona umekonda hivi? Kiu je? Unaamka kwenda msalani?"

"Kidogo," Baba alisema.

"Nipe kimashine chako." Nesi akabonyeza kitufe upande wake, akabonyeza tena. "Hiki kinatunza kila namba na tarehe yake. Hebu tuone. Jana, kumi na sita. Juzi, kumi na tano nukta nne. Ijumaa, kumi na nane." Akalitazama daftari. "Hapa Ijumaa imeandikwa sita."

Mama alicheka kicheko kifupi. "Basi kitakuwa kimeharibika."

"Hakijaharibika, mama. Miezi mitatu yote ndiyo hivyo."

Mama aligeuka polepole. "Baba Kidoti?"

Baba alikohoa. Aliangalia ndala zake, akaangalia dirisha, kisha akasema, "Labda mtoto alikosea kuandika. Si unajua watoto. Asubuhi wana haraka ya shule."

Kidoti alimtazama baba yake, akingoja aseme tena, arekebishe. Baba hakumtazama.

"Kidoti," Mama aliuliza, "kimashine kilisema kumi na sita, wewe ukaandika ngapi?"

"Saba."

"Kwa nini?"

Machozi tu yalimtoka Kidoti.

"Vidonge tunavipanga kwa namba hizi," nesi alieleza kwa upole. "Miezi mitatu tumempa dozi ya mtu mwenye nafuu, kumbe ndani anaungua." Akaandika dawa mpya.

Njia nzima Mama alitangulia mbele. Walipofika nyumbani alimwambia Kidoti maneno machache tu: "Nilikupa kazi moja. Sikudhani mtoto niliyemzaa angenitia mchanga wa macho."

Tangu siku hiyo Mama alimpima Baba mwenyewe kabla ya kutoka. Kwa Kidoti alibakiwa na "kula," "oga," na "funga mlango." Kidoti aliona afadhali angechapwa. Baba naye alimletea kipande cha kitambaa cha maua, akamnong'oneza, "Nilikosa la kusema, mwanangu. Vumilia, atasahau."

"Uliniambia siri ni yetu sote, Baba. Mbona kosa limekuwa langu peke yangu?"

Baba alirudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga kwa nguvu, kama mtu anayetaka kelele zimzidi. Kidoti alikiacha kitambaa pale pale mezani, akajiapiza kutosema naye tena.

Siku ya tatu alasiri alikuwa kwenye mkeka akifanya hesabu. Baba alikuwa akishona peku, akipiga mluzi. Kila mguu wake wa kulia ulipoinuka, kitu kilimetameta chini ya unyayo. Kidoti alisogea. Ilikuwa pini ya kushikizia nguo, imezama yote, kimebaki kichwa. Kanyagio la cherehani lilikuwa na damu.

Kidoti aliufunga mdomo. Yeye alininyamazia, aliwaza, na mimi nimnyamazie. Lakini mluzi ule ulimtisha kuliko damu. Mtu gani anachomwa pini mpaka mwisho na bado anapiga mluzi?

"Baba! Mguu wako! Husikii maumivu?"

"Maumivu gani?" Baba aliinua mguu, akautazama unyayo wake. Uso ukambadilika. Wakati huo huo Mama alikuwa anaingia na mkoba wake wa vitana. Baba aliuficha mguu chini ya kiti haraka.

"Usimwambie mama yako," alinong'ona. "Nitaichomoa mwenyewe."

"Hapana, Baba," Kidoti alisema. "Hii siiandiki saba. Mama! Njoo uone mguu wa Baba."

Mama alipiga magoti. Aliichomoa pini, akaosha jeraha kwa maji safi na sabuni, na alipokuwa akiosha akagundua kidonda kingine cha zamani karibu na kidole kidogo. Alikifunika kwa kitambaa safi. Baba aliitazama mikono ile ikifunga kitambaa, na hapo ndipo aliposhindwa.

"Mama Kidoti, mtoto hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia aandike uongo, kila siku. Halafu kwa nesi nikamtupia yeye."

Mama hakuinua kichwa. "Chai ya fundi redio?"

"Na soda."

"Miaka miwili nakunywa chai chungu."

"Nilikuona umechoka. Unasimama kutwa nzima, ukirudi unanipikia peke yangu. Niliona aibu kukwambia kwamba bado sijaweza."

"Nilichoka, ndiyo," Mama alisema. "Lakini nilidhani tumechoka wawili. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Hakupiga kelele. Alimsaidia kuvaa viatu, wakaenda kliniki jioni ile ile, Kidoti akimshika Baba mkono upande wa pili.

Nesi alisafisha vidonda vyote viwili. "Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, miguu hupoteza hisia," alisema. "Mtu anaumia asijue, kidonda kinaoza, mwisho mguu unakatwa. Mshukuru aliyewaita mapema. Kuanzia leo, fundi, hakuna kushona peku. Na miguu ikaguliwe kila siku."

Baba alitazama chumba kile, kisha akamgeukia binti yake. "Hapa ndipo nilipokusingizia mbele ya watu, na hapa nasema: nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Kidoti aliitikia kwa kichwa.

Vidonda vilichukua wiki sita kupona. Baba alianza kushona na viatu miguuni, na alimweleza fundi redio ukweli wote. Fundi redio alishika kichwa. "Ndugu yangu, kumbe nilikuwa nakuua kwa ukarimu! Sasa ukija ni maji tu, na hata hayo nitakupimia." Sukari ilishuka taratibu, na Baba na Mama walianza kukaa tena pamoja barazani, ingawa mwanzoni walizungumza kama wageni.

Jumamosi moja Kidoti alikaa katikati ya magoti ya mama yake akisukwa.

"Mama, umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ya pini."

"Na unaniamini?"

Kitana kilisimama. "Bado kidogo, mwanangu. Sitakudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha. Nisikilize. Mgonjwa akimficha anayemuuguza, wanaumia wote wawili. Na mtu mzima akikwambia useme uongo, awe baba yako, awe mimi, njoo useme. Huo si utovu wa adabu. Siku ile ungenyamaza tena, baba yako angekuwa hana mguu. Ulisema, ukamwokoa. Imani nayo inarudi hivyo hivyo, kwa kusema kweli leo na kesho na kesho kutwa."

"Na Baba? Yeye unamwamini?"

Mama aligawanya nywele kwa ncha ya kitana.

"Naye yuko foleni pamoja nawe," alisema. "Inamisha kichwa, nimalize."